Sahani Ndogo ya Papa Doudou

Kwa miaka tisa Albertine alimpakulia mume wake chakula katika sahani ya mtoto. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, ileile aliyokulia Doudou, mwana wao wa pekee, alipokuwa mdogo. Edouard alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, muuguzi wa kituo chetu cha afya alimchorea Albertine duara kwenye karatasi, akaligawa kwa kalamu: nusu mboga, robo ugali, ambao sisi huku tunauita bukari, na robo samaki au nyama. Albertine alianza na sahani ya kawaida. Edouard akaangalia lile tonge lililojikunja pembeni peke yake, akamuuliza mkewe:

"Mama Doudou, unalisha mume ao unalisha kuku?"

Kesho yake Albertine akatoa sahani ya Doudou kabatini. Chakula kilekile kikaijaza hadi ukingoni, na Edouard akala bila neno. Ndivyo alivyokuwa Albertine. Hakupenda kubishana. Alitafuta njia ya pembeni, akapita.

Nyumba yao na yangu zinatazamana, huku Annexe, pembezoni mwa mji, zikitenganishwa na barabara ya udongo ambayo mwezi wa kumi na mbili hugeuka mfereji. Albertine alizaliwa mjini humu, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai. Kila asubuhi alikaanga maandazi, au beignets, na kuyauza penye njia panda, na Edouard alimsindikiza akiwa amembebea beseni, kwa sababu muuguzi alisema atembee. Zamani Edouard alikuwa déclarant kule mpakani Kasumbalesa, mtu wa kushughulikia karatasi za forodha za malori. Miaka ishirini na miwili alikula amesimama kati ya malori, na kwa kuwa hakuyaamini maji ya mpakani, kiu yake aliituliza kwa soda, ambayo kwetu huitwa sucré. Aliporudi nyumbani moja kwa moja, alirudi na sukari hiyo damuni na miguu isiyosikia vizuri.

Albertine aliushika ugonjwa ule kama kazi ya pili. Nyuma ya nyumba alipanda lenga-lenga, yaani mchicha, na sombe, yaani kisamvu. Alikagua vidole vya miguu ya mumewe kila Jumapili kabla ya misa. Asubuhi na jioni alimwekea kidonge mkononi na kumpa kikombe cha maji. Katika miaka tisa Edouard hakulazwa hata mara moja, na hakuna aliyempongeza mkewe kwa hilo. Ugonjwa usiotokea hauonekani.

Kilichoonekana ni sahani. Kwetu, ukubwa wa bukari iliyo mbele ya mwanaume husema anaheshimiwa kiasi gani nyumbani mwake. Tena siku za sikukuu wanaume hawali kila mtu na chake. Wananawa mikono, wanazunguka beseni moja, bukari katikati, kitoweo pembeni, na kila mmoja anamega. Edouard, mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye mvi, alikaa kando na ua lake jekundu. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema mkewe amemfunga kamba. Albertine aliyasikia yote kwa sababu wateja wa maandazi wana midomo.

Mwaka jana, siku nne kabla ya Noël, yaani Krismasi, alifika Marie-Thérèse, dada mkubwa wa Edouard, ambaye yeye na mkewe walimwita Yaya kwa heshima. Yeye anafanya biashara ya samaki wakavu kule Kilwa, si ile ya pwani bali yetu ya ukingoni mwa ziwa, na kwa ubaya wa barabara walikuwa hawajaonana kwa miaka mitano. Alikaa njiani siku tatu juu ya lori. Sauti yake iliingia uani kabla yake.

"Edouard! Edouard weee! Toka nikuone!"

Edouard akatoka, akakumbatiwa, kisha akasukumwa nyuma kidogo ili atazamwe.

"Na mwili iko wapi?"

"Nilikuwa na ya mingi, Yaya. Nikaacha ingine Kasumbalesa."

Marie-Thérèse hakucheka. Alimgeukia Albertine, akamtazama toka kichwani hadi miguuni. Kweli Edouard alikuwa amekonda kuliko zamani, na afya yake ilikuwa katika kukonda huko. Lakini dada aliyeacha ndugu mnene akamkuta mwembamba haoni afya. Anamwona mke.

Siku ya Noël mvua ilianza asubuhi, na umeme ukakatika tukiwa bado kanisani. Albertine alipika kila kitu kwenye makaa: kuku, sombe, samaki wa Kilwa. Wanaume walipozunguka beseni, akaweka kigoda kando na juu yake sahani ya Edouard. Nilikuwepo. Marie-Thérèse aliinuka.

"Ii njo nini?"

"Chakula ya ndugu yako, Yaya."

"Mi naona chakula ya mutoto. Na mutoto mwenyewe iko wapi?"

Watu wakacheka. Edouard naye akacheka, lakini aliangalia chini.

"Yaya, ni juu ya sukari yake," Albertine akasema.

"Sukari, sukari! Baba yetu alikufa na miaka makumi munane, na bukari yake ilikuwa hii!" Akaonyesha kwa mikono yote miwili. "Muntu mukubwa anakula pembeni ya benzake kama iko na bukoma? Honte, haya hii, itamuua mbele ya sukari kumuua."

"Tantine, acha," Doudou akamwambia shangazi yake. "Mama anajua."

"Anajua nini? Ni daktari?"

Albertine alikaa kwenye mkeka karibu na kile kigoda mpaka Edouard alipomaliza, na hakuna mkono uliothubutu kumwongezea. Siku ile alishinda. Nilimwona akiosha vyombo baadaye, mabega yakiwa yameshuka, kama mtu aliyebeba gunia mbali.

Kati ya Noël na mwaka mpya watu hutembeleana. Edouard alishika mwavuli wake, akazunguka kusalimu nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba ilimpa kitu. Haiwezekani mgeni aondoke mdomo mkavu. Tarehe ishirini na nane alikuja kwangu. Nilikuwa na chupa ya sucré, sikuwa na kingine. Nilijua ugonjwa wake. Niliwaza: chupa moja, siku moja katika mwaka.

"Usiambie Mama Doudou," akasema akifunika mdomo kama mwanafunzi.

"Siambii," nikasema, na tukacheka wote wawili.

Wengine nao, kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Séphora, mke wa Doudou, alimkatia kipande cha keki jikoni kwake. Doudou alikuwa amempa bia mbili tangu mkesha wa Noël, kisha akampa mbili nyingine. Marie-Thérèse kila asubuhi, Albertine akiwa njia panda na maandazi yake, alimchemshia ndugu yake chai na kuitia sukari vijiko vinne, akamkalisha mbele ya mkate. Edouard hakumkatalia yeyote. Alikuwa na furaha. Kwa miaka tisa alikuwa mgonjwa wa Albertine, na ndani ya wiki moja alirudi kuwa mtu wa kila mtu.

Mchana wa tarehe thelathini na moja tulikusanyika uani kwao, wanawake, tukinyonyoa kuku. Marie-Thérèse alikuwa katikati, amekunja nguo hadi magotini.

"Bantu ba Kilwa bataniuliza, Edouard iko aje? Mi nitajibu nini? Nitasema muke yake anamupimia bukari na kijiko, kama dawa ya minyoo?"

Tulicheka. Alilisema kwa namna ya kuchekesha, akionyesha kijiko na jicho moja lililofumbwa. Nami nilicheka. Albertine aliendelea kunyonyoa. Kuku wake alikuwa ameshaisha manyoya, lakini vidole vyake viliendelea kutafuta.

Siku ya Bonane, yaani mwaka mpya, wanaume waliponawa mikono, hakuleta kigoda wala sahani. Edouard aligeuza kichwa, akamtafuta kwa macho. Albertine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Leo kula na benzako, Papa Doudou," akasema. "Lakini kidogo."

"Kidogo tu," Edouard akaahidi.

Ndani ya beseni la pamoja hakuna kidogo. Mkono unaenda, unarudi, mwingine unakusogezea paja la kuku, bukari ikipungua inaongezwa nyingine, na hakuna mtu, hata mlaji mwenyewe, anayejua amekula matonge mangapi. Edouard alikula mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliwasimulia wenzake habari za mpakani, jinsi dereva mmoja alivyomwoa mbadilisha fedha kwa sababu foleni ilichukua wiki mbili. Walicheka mpaka wakakohoa. Marie-Thérèse alimwendea Albertine, akamkumbatia mbele ya wote.

"Njo vile! Leo njo umekuwa muke ya ndugu yangu."

Nilimwona Albertine akitabasamu. Alikuwa amechoka kuwa mtu mbaya wa nyumba ile, na siku moja tu alitaka kupumzika. Kati ya yote niliyoyaona, tabasamu lile ndilo linalonisumbua zaidi.

Tarehe mbili Edouard aliamka na kiu. Alikunywa jagi la maji, kisha la pili, na kila mara alikwenda chooni. Kufikia mchana alisema maji hayamkati kiu, ndipo Doudou, kwa nia njema, akamfungulia sucré zilizobaki za sikukuu. Tarehe tatu asubuhi alimwita Albertine kwa jina la mama yake aliyekufa zamani, akamwomba amfungie viatu aende shule.

Walimpeleka hospitali. Waliweka tone la damu kwenye kile kifaa kidogo, na kifaa hakikutoa namba. Kilitoa herufi tu, maana yake sukari imepita kiasi kinachoweza kupimwa. Daktari, kijana mpole, aliuliza kama mgonjwa amekuwa akinywa dawa.

"Kila siku," Albertine akasema. "Mi mwenyewe namupatiaka mu mukono."

Walipomvua suruali aliyoivaa sikukuu zote, karatasi laini iliyokunjwa ilianguka kutoka mfukoni. Ndani yake mlikuwa na vidonge kumi na vinane. Viwili kwa siku, tangu mkesha wa Noël hadi Bonane. Doudou alivitazama, akakaa sakafuni. Ndipo aliposema kwamba siku ya bia za kwanza, mkesha wa Noël, baba yake alimwambia dawa na bia havipatani ndani ya tumbo, kwa hiyo atapumzisha dawa kwanza, atairudia sikukuu zikiisha. Watu wengi mjini huku wanaamini hivyo. Edouard alipokea kidonge, akanywa maji, akatikisa kichwa kushukuru, na kidonge kikabaki kiganjani.

Alikufa kesho yake saa sita mchana. Jua lilikuwa limetoka baada ya siku nyingi za mvua, na akina mama wa wodi walikuwa nje wakianika nguo.

Matanga yalikuwa makubwa. Turubai lilifungwa kutoka kwao mpaka kwenye ukuta wangu. Siku ya pili nilikaa kwenye mkeka karibu na Albertine, nikamwambia habari ya chupa yangu. Sikuweza kuendelea kuikalia. Alinisikiliza bila kunitazama.

"Na weye pia, Mama Imani?"

"Na miye."

"Séphora aliniambia ya keki. Doudou, ya bière. Mama ya kule kwa kona alikuya kuniambia ya beignets, tena zilikuwa beignets zangu mwenyewe, alinunua kwangu asubuhi." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Kila muntu ananiletea yake. Mi nitabeba wapi bintu bote hibi?"

Nilitaka anitukane.

Marie-Thérèse hakuja kukiri ile chai yake. Yeye alilia kwa sauti ya kujaza turubai, na katika kilio chake alisema ndugu yake aliteswa kwa njaa miaka tisa, na siku aliyopewa chakula cha mtu mzima, tumbo lilikuwa limeshasahau. "Balimuzoeza njaa!" alilia. "Chakula ikamushangaza!" Wapo waliotikisa vichwa kukubali. Maneno yale yalikuwa rahisi kueleweka kuliko namba za daktari. Albertine alikaa na kitambaa chake cheusi, hakusema hili wala lile, na nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akinong'ona kwamba anayenyamaza hivyo ana analolijua.

Tulipoondoa matanga, watu wakatawanyika. Marie-Thérèse alibaki kungoja lori la Kilwa, ambalo lingeondoka Alhamisi. Jumanne asubuhi nilikwenda kurudisha masufuria niliyoazima. Albertine alikuwa amempashia wifi yake maji ya kuoga. Marie-Thérèse alikaa kwenye kiti uani, akavua viatu, kisha soksi ambazo hakuwahi kuzivua mbele yetu tangu afike. Soksi ya kulia ilikuwa imegandia mguuni.

Kidole gumba kilikuwa kimevimba. Pembeni mwake kulikuwa na kidonda chenye ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeusi.

"Ii ni nini, Yaya?" Albertine akauliza.

"Hii? Kintu ya lori. Sanduku ilinigonga mu njia."

"Njia ya kuya? Mbele ya Noël?"

"Eeh."

Albertine alipiga magoti. Alibonyeza pembeni ya kidonda, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka usaha ukatoka.

"Inakuumiza?"

"Hapana. Haiumizi hata."

Niliona uso wa Albertine ukibadilika. Wiki tatu, na hakiumi. Alikuwa amefundishwa miaka tisa kuogopa jambo hilohilo, kidonda kisichouma. Alibaki amepiga magoti, ameshika mguu wa mwanamke aliyemlaumu kwa kifo cha mumewe mbele ya mtaa mzima. Angeweza kunyamaza. Alhamisi haikuwa mbali, na Kilwa ni siku tatu kwa lori.

"Yaya, asubuhi hii ulishakula?"

"Bado. Mbona?"

"Basi usikule. Tunaenda ku centre bakupime sukari."

Marie-Thérèse aliurudisha mguu wake kwa nguvu. "Unataka na miye unikaushe? Ulimaliza ndugu yangu, sasa ni zamu yangu?"

"Ndiyo," Albertine akasema. "Sema yote. Utasema mu njia. Vaa viatu."

Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Nadhani hata Marie-Thérèse alishangaa, kwa sababu alivaa. Nilimshika mkono upande mmoja na Albertine upande wa pili, tukavuka matope polepole. Njiani alitutukana kidogo, kisha akaacha. Tulipokaribia kituo cha afya, aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli inatembeaka mu familia?" Albertine akamjibu kwamba muuguzi alikuwa ameagiza ndugu wote wa Edouard wapimwe, na kwamba yeye mwenyewe alimwandikia barua kule Kilwa mara mbili. Barua zilifika. Marie-Thérèse alikiri kwamba alizipokea, akadhani ni njia ya kuomba msaada.

Kifaa kilitoa namba safari hii: mia tatu na kumi na mbili, zaidi ya mara tatu ya kawaida, tumbo likiwa tupu. Muuguzi alisafisha kidonda, akasema kidole huenda kikapona kama mtu huyu hatasafiri na kama atafuata masharti. Akachukua karatasi na kalamu ili achore duara. Albertine akamzuia.

"Hapana, Madame. Hiyo naijua."

Tulikaa nje, kwenye benchi la saruji. Marie-Thérèse alitazama bendeji mpya iliyokuwa mguuni mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Usiambie Doudou," akasema. "Usiambie bantu."

"Nitamuambia. Nitaambia avenue muzima, nyumba na nyumba. Mara hii hakuna muntu atakupa kintu kwa kujificha."

"Honte, Albertine."

"Eeh. Honte."

Penye geti mama mmoja aliuza mayai ya kuchemsha na maparachichi, na jirani yake aliuza mkate mweupe na chai. Marie-Thérèse aliangalia upande wa mkate. Albertine alinunua yai moja na nusu parachichi, akarudi, akamenya yai taratibu, akamwekea wifi yake kiganjani.

Marie-Thérèse alilitafuna. "Haina chumvi," akasema.

"Kula vile vile."

Albertine akageukia ukuta. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu mazishi, mikono yake ikiwa bado na maganda ya yai. Na Marie-Thérèse, mdomo umejaa, alimnyooshea mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, hakujua amshike wapi.